Kifaru changu kimechafuka sawasawa kila mahali: nimekosea wapi?

Swali kutoka Mafinga: "Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi simu. Mwaka jana shemeji yangu anayeishi Ujerumani aliniletea seti ya kuunganisha kifaru cha T-55 kwa kipimo cha 1:35, na hii ndiyo modeli yangu ya kwanza. Kuunganisha nimemaliza, ingawa minyororo inanipa mashaka, na nimepaka rangi ya kijani ya akriliki kwa brashi. Nilipotaka kionekane kimetoka kazini, nilizimua rangi ya mafuta ya kahawia nikakipaka chote jana, kikawa kama kitu cha watoto kilichotumbukizwa kwenye chai ya rangi. Leo nimejaribu kukifuta kwa tina ya mafundi wa magari, madigadi ya kushoto ikalainika na kupinda. Je, nikitupe nianze upya?"

Marahaba, ndugu yangu. Usikitupe, na wala usitafute kingine kabla hujakimaliza hicho, kwa sababu karibu makosa yote uliyoyataja yanarekebishika. Nitaanza na lile kubwa, ambalo limekuja kabla ya tina: uliuchukulia uchafu kana kwamba ni rangi moja ya kupakwa juu ya rangi nyingine, ilhali uchafu wa gari lolote ni mkusanyiko wa mambo mengi yaliyolipata kwa nyakati tofauti, na kila jambo huacha alama yake mahali pake. Tope hutoka chini, mafuta hutoka kwenye mashine, mkwaruzo hutoka kwenye buti la askari, na mvua hupita juu ya vyote hivyo ikiviteremsha. Ukipaka kahawia moja toka juu hadi chini umeyafuta hayo yote, na jicho la mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu vifaru, linatambua kwamba pana uongo.

Wewe uko mahali pazuri pa kujifunza. Malori ya magogo yanayotoka msitu wa Sao Hill yanapita Mafinga kila siku yakiwa yamejaa vumbi jekundu, na yale ya masafa marefu yaendayo Tunduma yanapita hapo hapo yakiwa na uchafu wa aina nyingine kabisa. Kabla ya kugusa brashi tena, tenga nusu saa ukasimame karibu na lori moja lililoegeshwa, uliangalie kama unavyoangalia saketi ya simu. Mimi nilifanya hivyo siku moja karibu na mizani ya Makambako, utingo akanidhania afisa. Mlango wa nyuma wa tela ulikuwa mchafu kuliko ubavu, kwa sababu gari likienda kasi upepo hujipinda nyuma yake na kurudisha vumbi. Lakini chuma cha kushikia, pale utingo anapojivuta kupanda, kilikuwa safi na kinang'aa kama kijiko. Chini ya mfuniko wa tangi la dizeli vumbi lilikuwa limelowa na kugeuka karibu jeusi. Kwenye gurudumu moja sili ilikuwa inavuja, na kwa kuwa gurudumu linazunguka, oili haikutiririka kwenda chini bali ilichora mistari kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miali ya jua. Juu ya bodi, kila bolti ilikuwa imeacha mchirizi mfupi chini yake, kwani mvua ya jana ilikuwa imegonga vumbi la juzi.

Hayo yote yanahamia kwenye kifaru bila kubadilika sana. Nakuomba tu utumie malori na matrekta kama mwalimu wako, usiende kupiga picha magari ya jeshi wala karibu na kambi. Hapa kwetu hilo limekatazwa, na maelezo kwamba ulikuwa unatafuta rangi ya kutu hayatakusaidia.

Jambo la pili la kuweka kichwani ni kipimo. Kwa 1:35, milimita moja kwenye modeli ni milimita 35 kwenye kifaru chenyewe. Mwili wa T-55 bila mzinga una urefu wa takribani mita 6.45, ndiyo maana wako una sentimita 18 na nusu hivi, na askari wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5 tu. Doa la kutu ulilolipiga kwa ncha ya kijiti cha meno, likiwa na upana wa milimita 3, ni jeraha la zaidi ya sentimita 10 kwenye chuma halisi. Wanaoanza wengi wana mkono mzito kwa sababu wanachafua kwa ukubwa wa macho yao na kukisahau kipimo.

Sasa tuokoe kilichopo. Kwa kuwa rangi ya chini ni akriliki iliyokwisha kauka, na ile ya juu ni ya mafuta ambayo bado changa, chukua brashi bapa, ichovye kwenye tapentaini ya dukani, ifute kwenye kitambaa mpaka iwe na unyevu tu, kisha vuta kutoka juu kwenda chini kwenye sehemu zilizo wima, na kutoka katikati kwenda ukingoni kwenye sehemu za bapa. Kahawia itatoka kwenye uwanda na kubaki kwenye kona, kuzunguka bolti na kando ya milango. Hapo hasa ndipo tulipotaka ibaki tangu mwanzo. Kama siku zimepita ikagoma kutoka, usibishane nayo: zimua kijani chako kidogo, ongeza tone la rangi ya maziwa ili kiwe chepesi kuliko cha kwanza, upake katikati ya kila bati bila kufika kwenye kona. Kifaru kitapata kivuli chake kutokana na kosa lako.

Kuhusu tina, elewa kwa nini ilikula madigadi, kwa sababu ukielewa hutarudia. Plastiki ya modeli ni polistireni. Gundi ya modeli haishiki kama gundi ya mbao. Inayeyusha kidogo kingo mbili ili ziingiane na kuwa kitu kimoja. Tina ya magari inafanya kazi hiyo hiyo bila adabu, na petroli au asetoni ya kuondolea rangi ya kucha zina tabia hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayaiyeyushi haraka, lakini yanaacha utando wa mafuta ambao haukauki vizuri, kwa hiyo yaache kwenye kandili. Kanuni ni kwamba kila tabaka unaloongeza lizimuliwe kwa kitu kisichoweza kuyeyusha tabaka la chini yake: akriliki kwanza, kisha vanishi ya akriliki, kisha rangi za mafuta kwa tapentaini. Na kila chupa mpya ijaribu kwanza kwenye kipande ulichobakiza cha fremu ya plastiki iliyokuja na vipande vya seti. Fremu zile, pamoja na vikonyo vilivyoshika vipande, usizitupe kamwe. Ukivikatakata vikonyo hivyo na kuviloweka kwenye gundi nyembamba ya modeli kwa usiku mmoja, utapata uji mzito wa kuzibia nyufa, wenye rangi na ugumu ule ule wa modeli yenyewe.

Minyororo ina haki ya kukupa mashaka. T-55 ina magurudumu matano makubwa kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mengine. Hakikisha hukuyapanga kwa nafasi sawa. Haina vigurudumu vidogo vya kubeba mnyororo kwa juu, kwa hiyo mnyororo wa chuma, kwa uzito wake, hulala juu ya magurudumu na kulegea kati yake. Mnyororo laini wa mpira unaokuja kwenye seti nyingi hukaa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kosa hilo moja huonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Uvute chini kwa tone la gundi ya haraka juu ya kila gurudumu, kisha ushikilie kwa vipande vya sponji vilivyosukumwa chini ya madigadi mpaka ukauke. Rangi yake isiwe ya machungwa. Chuma kinachosaga ardhi kila siku hakipati nafasi ya kuota kutu nene. Anza na kahawia ya kijivu iliyokolea, jaza vumbi kwenye mashimo, halafu sugua penseli ya 2B kwenye sehemu zinazogusa ardhi na kwenye meno ya gurudumu la nyuma linalouvuta mnyororo, hadi zing'ae kama jembe lililotoka shambani.

Nembo na namba za kubandika kwa maji ziweke juu ya vanishi inayong'aa, kamwe si juu ya rangi kavu isiyong'aa, la sivyo hewa itanasa chini yake na kuacha weupe. Hilo halihitaji maneno zaidi. Kompresa na bomba la kupulizia rangi pia havina haraka; nimeona modeli nzuri za brashi tupu na mbaya za vifaa vya bei kubwa.

Vanishi hiyo inayong'aa ndiyo iliyokosekana pia ulipozimua kahawia yako. Rangi isiyong'aa ni kama ukuta wa udongo, inanywa kila kitu. Juu ya vanishi, rangi iliyozimuliwa inateleza na kukimbilia kwenye mifereji yenyewe. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, ile ya kwenye tyubu, ya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi tupu, kwa kuwa nyeusi juu ya kijani huonekana kama michoro ya katuni. Ikamue kidogo kwenye kipande cha boksi na uiache karibu saa moja ili boksi linyonye mafuta yake, ndipo ikauke bila kung'aa. Izimue sehemu moja kwa tapentaini kama sehemu kumi, kisha gusa kichwa cha bolti moja kwa ncha ya brashi nyembamba. Mguso mmoja tu. Utaiona rangi ikizunguka bolti yenyewe na kukimbia kando ya mstari wa bati, na nakiri kwamba baada ya miaka mingi bado nasimamisha pumzi kuitazama. Baada ya nusu saa safisha iliyozidi kwa brashi yenye unyevu, ukivuta kuelekea chini.

Mikwaruzo weka michache. Chana kipande kidogo cha sponji ya kuoshea vyombo, kichovye kwenye kahawia nzito, kipunguze kwenye karatasi mpaka karibu kisiache alama, ndipo uguse kingo za milango ya juu, mahali dereva anapokanyaga akiingia, na pembe za madigadi. Usitumie rangi ya fedha. Chuma cha silaha kilichokwanguka huwa cheusi chenye wekundu ndani ya muda mfupi. Katikati ya bati pana ambalo hakuna mtu anayelikanyaga hapana sababu ya mkwaruzo, hata kama pananawiri mno machoni pako.

Kabla ya vumbi, amua kifaru hiki kiko wapi na ni siku gani. Wasomaji wengi hutaka kiwe cha kwetu, na hapo T-55 ina neno lake: Jeshi la Wananchi lilipata kutoka China vifaru vya Type 59, ambavyo ni nakala ya T-54A, kifaru cha Kisovyeti kilichotangulia T-55, na tofauti moja rahisi ya kuiona ni kifuniko kidogo cha hewa chenye umbo la uyoga, kilicho upande wa kulia juu ya kichwa kinachozunguka, mbele ya mlango wa mpakia risasi. T-55 hakina uyoga huo. Ukitaka Type 59, seti hiyo si yake, na hata ukiubandika uyoga bado kuna mengine ya kubadilisha. Mimi ningekuachia hilo kwa modeli ya pili. Na kama ni vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kumbuka kwamba barabara ya Masaka hadi Kampala pale Lukaya, ambapo palipiganwa Machi 1979, inapita kwenye kinamasi. Vumbi jekundu la Mafinga halina la kufanya kwenye minyororo iliyopita pale.

Lakini kwa kujifunza, tumia udongo wa nyumbani, maana huo unaweza kuulinganisha kwa macho. Nyanda zetu zina rangi zote: wekundu wa Mafinga, weusi wa volkano wa Rungwe, kijivu kilichopauka cha Usangu ukishuka Igawa. Chagua mmoja. Kifaru hakiwezi kutoka Tukuyu hadi Rujewa bila kudondosha tope la mwanzo njiani.

Kosa langu la mwanzoni lilikuwa kuchota udongo bustanini, kuuchekecha kwa chujio la chai na kuunyunyiza moja kwa moja kwenye Land Rover niliyoihangaikia miezi mitatu. Kwanza, chembe ya nusu milimita, ambayo kidoleni unaiona laini, kwa kipimo cha 1:35 ni kokoto ya karibu milimita 18, hivyo gari langu lilionekana limepakwa zege. Pili, udongo ule ulikuwa na mbolea, na mvua za Januari zilipokolea hapa Mbeya, ukungu mweupe uliota chini ya madigadi zake. Siku hizi nachota udongo wa chini, wa kwenye ukingo wa barabara uliokatwa, usio na mizizi. Naukoroga kwenye kopo la maji, nahesabu hadi thelathini, kisha namimina maji machafu taratibu kwenye chombo kingine. Mchanga na changarawe vimeshazama vinabaki kwenye kopo. Yale maji nayaacha hadi kesho yake, namwaga maji safi ya juu, na chini linabaki tope laini kama losheni. Nalianika, nalikaanga kwenye sufuria kavu kuukuu ili lisibaki na uhai wowote, kisha nalisaga kwa mgongo wa kijiko. Poda inayopatikana ni laini ya kutosha kuingia kwenye alama za vidole.

Funika kwanza modeli yote kwa vanishi isiyong'aa, kwa sababu poda haishiki kwenye kitu kinachoteleza. Ichanganye na tapentaini iwe nyepesi kama chai, paka sehemu za chini, nyuma ya magurudumu, bati la nyuma lote na juu ya madigadi. Ikiwa mbichi itaonekana imekolea mno na utaogopa. Subiri, ikikauka inapauka. Ndipo uanze kuiondoa kwa brashi kavu pale ambapo mikono, mabuti na upepo vingeiondoa, ukiacha zaidi kwenye kona. Kwa tope nene ongeza jasi kidogo na gundi nyeupe ya mbao, uliweke ndani ya magurudumu na si kwenye kingo zao za mpira, ambazo husuguliwa na mnyororo zikabaki safi. Gundi hukoza rangi ya udongo, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni.

Mafuta na moshi huja mwisho, kwa sababu hukaa juu ya vumbi. Ekzosi ya T-55 iko upande wa kushoto, nyuma, kwenye madigadi. Masizi yake huenda nyuma na chini, hayazunguki kifaru kizima. Matangi ya nje ya mafuta yako madigadi ya kulia, na chini ya mifuniko yake unaweza kuweka doa moja au mawili ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na vanishi inayong'aa, kama lile la lori. Mawili yanatosha.

Neno kuhusu hali ya hewa yetu. Juni na Julai rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka, na najua kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo ukiwa na tapentaini, gundi au kopo la kupulizia: mvuke wake unashika moto, na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua. Fungua dirisha, vaa sweta. Wakati wa masika, usipulizie vanishi asubuhi yenye ukungu, kwani unyevu hunaswa ndani yake na modeli yote hupata weupe kama kioo cha basi. Ngoja saa sita, jua likiwa limetoka.

Imebaki madigadi ya kushoto. Usiiguse leo, kwa kuwa plastiki iliyolainishwa na tina huendelea kuwa mbichi ndani hata kama juu inaonekana kavu, na ukiipiga msasa sasa itajikunja na kuvutika. Iache wiki mbili. Kisha angalia ilivyopinda. Madigadi za T-55 ni bati jembamba ambalo hupindwa na miti, kuta na vifaru vingine. Kama ncha ya mbele imeinama au imejipinda kwenda juu, iache hivyo, punguza unene wa ukingo wake kwa kisu mpaka uonekane bati, na uwekee mkwaruzo wa kahawia mahali ilipogonga. Pale uso ulipochubuka, sugua kwa msasa namba 600 uliolowa maji, halafu namba 1000, paka kijani upya, na uikoleze kwa masizi kidogo kwa nyuma, kwani kwa bahati ekzosi iko upande huo huo.